Mdogo wangu kafungwa Beni: tupige kelele au tunyamaze?

Swali: "Papa, mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, nakaa Katuba, nauza vitenge. Mdogo wangu ana miaka 27, ni mwalimu wa sekondari Beni, kule Kivu Kaskazini. Yeye na vijana wenzake wa vuguvugu la raia walikaa chini mbele ya ofisi ya serikali, wakauliza kwa nini watu wanazidi kuuawa wakati ni jeshi lenyewe linalotawala. Walikamatwa 11. Siku sita hatukujua yuko wapi. Sasa tunaambiwa yuko gereza la Kangbayi na atahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Baba mdogo anasema tunyamaze, tukipiga kelele watamtesa. Marafiki zake wanataka kuchapa fulana zenye picha yake. Halafu kuna mtu amepiga simu, anasema anajuana na ofisa: dola 800, faili inafungwa. Tufanye nini? Na hizo kampeni, zinamtoa mtu kweli au ni za kujionyesha?"

Jibu:

Pole sana, Mama. Naanza na yule wa dola 800 maana atapiga tena kabla hujamaliza kunisoma. Usimtumie hata franka moja. Faili ya mtu anayesubiri mahakama ya kijeshi haikai mfukoni mwa ofisa mmoja. Imepita kwa wapelelezi, imeandikishwa kwa auditora (mwendesha mashtaka wa kijeshi), imepewa namba inayoitwa RMP, inamngoja hakimu. Anayeweza kweli kuigusa anaijua hiyo namba. Kwa hiyo akipiga, mjibu kwa upole: "Papa, nipe namba ya RMP, avoka (wakili) wetu aiangalie kwanza." Nimeshuhudia simu nyingi zikikatika hapo hapo. Na hata akiwa na ofisa wa kweli nyuma yake, sheria yetu inamshika anayetoa rushwa pamoja na anayepokea. Pesa zenye kazi halali zipo, na zitawakamua vya kutosha: malipo ya avoka, dhamana ikikubaliwa (hiyo inalipwa kwa karani wa mahakama na unapewa risiti), na chakula cha kila siku. Kama hizo 800 zipo, ziwekeni huko.

Sasa kelele na kimya. Baba yako mdogo usimwite mwoga. Amekulia wakati wa Mobutu, wakati ambao kwenda kuuliza "ndugu yangu yuko wapi?" kulitosha kukuingiza wewe mwenyewe ndani. Hofu yake imetoka mahali. Tena kuna siku ambazo kimya kinafaa: mtu mnayemjua kwa jina, awe padri, mbunge au mkuu wa shule yake, anapokuwa ndani ya ofisi anaongea, na amewaomba muda. Hapo mnampa muda, lakini muda wenye mwisho. "Papa, tunasubiri hadi Ijumaa." Ijumaa ikipita bila jibu, hamna sababu ya kunyamaza tena. Kimya kisicho na tarehe kinamfaa aliyemshika tu.

Sisi wa Lubumbashi hili tungepaswa kulijua kuliko wengine. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa kwenye mikono ya jeshi kule magharibi, wakashushwa kwa ndege hapa kwetu, na usiku uleule wakauawa porini. Serikali ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilitangaza kifo chao tarehe 13 Februari. Karibu wiki nne nzima dunia inauliza, na wanaojua wanakula na kulala. Nakukumbusha kwa sababu mbili. Ya kwanza, hatari kubwa ya mfungwa wa kisiasa huwa ni safari: kutolewa kasho (selo) hili kupelekwa lile, usiku, bila karatasi. Kwa hiyo swali la kila asubuhi ni "amelala wapi jana?", na mnataka mtu aliyemwona kwa macho yake. Ya pili haipendezi, lakini lazima niiseme: Lumumba dunia nzima ilikuwa inamjua, na kelele hazikumwokoa. Kampeni si hirizi.

Mwaka uleule, tarehe 28 Mei, wakili mmoja wa London, Peter Benenson, aliandika gazetini kuhusu wafungwa sita waliosahaulika. Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa Angola, daktari Agostinho Neto, aliyefungwa na Wareno. Makala ile ndiyo iliyozaa Amnesty International. Wazo lake lilikuwa dogo mno hata watu wakacheka: mfungwa apewe jina lake, na mkuu wa gereza apokee barua kutoka kwa watu asiowajua, leo moja, kesho kumi. Neto alitoka, na mwaka 1975 akawa rais wa kwanza wa nchi yake. Sisemi barua ndizo zilizomfanya rais. Nasema aliyekuwa anamlinda alijua kwamba huyu mtu anahesabiwa.

Kuhesabiwa ndiyo kazi yenyewe, Mama, na kelele inakuja baada yake. Hili nililijifunza kwa aibu. Nilikuwa kijana kwenye shirika dogo la hapa, tukaletewa habari kwamba mwanafunzi mmoja aliyekamatwa amevunjwa mkono. Aliyetuletea aliambiwa na mtu, na huyo mtu aliambiwa na mwingine. Tukaandika jioni ileile, ikasomwa redioni. Kesho yake wakamtoa mbele ya waandishi wa habari, wakamwambia anyanyue mikono. Akainyanyua yote miwili juu, mizima kabisa. Kilichochanika ni mgongo, chini ya shati jipya walilomvalisha asubuhi hiyo, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani. Basi tukaisha. Kila tulichosema kuanzia siku hiyo kilijibiwa na "aaa, wale wa mkono uliovunjika." Alikaa miezi saba zaidi. Mpaka leo nikiona shati lenye mikunjo ile moyo unanipiga.

Kwa hiyo nunua daftari leo, lile la kawaida la mtoto wa shule. Gawa ukurasa sehemu tatu: kilichoonwa na mtu kwa macho yake, kilichosimuliwa na aliyeona, na kinachosemwa tu mjini. Sehemu ya tatu haitoki nje ya daftari. Andika siku na saa aliyokamatwa. Mahali hasa, si "Beni" tu. Waliomchukua walivaa nini, gari la aina gani. Alipitishwa wapi katika siku zile sita. Nani alimwona wa kwanza Kangbayi, na tarehe ngapi. Kisha hali ya mwili wake: analala chini, anakohoa, anatumia dawa gani. Majina ya walioona yabaki kwenye karatasi nyingine, nyumba nyingine, na yasipite kwenye WhatsApp.

Unaweza kudhani jambo kubwa la kulitangaza ni kwamba hana hatia. Ni kweli, lakini hilo watabishana nalo hadi mwisho. Tarehe hazibishaniwi. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia na mtetezi wake, na asishikiliwe zaidi ya saa 48 bila kupelekwa kwa mamlaka ya sheria. Wa kwenu alipotea siku sita. Hizo siku sita ndizo msumari wenu wa kwanza. Zipigilie kila barua.

Watakwambia: "Mama, Kivu Kaskazini ni état de siège, utawala wa kijeshi wa dharura, sheria hizo zimelala." Hapana. Amri hiyo, iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri, iliwaweka magavana wa kijeshi na kuhamishia kesi za jinai za raia kwenye mahakama za kijeshi. Ndiyo maana mwalimu wa sekondari anasomewa mashtaka na mtu mwenye nyota begani. Ila Katiba ilijiwekea akiba. Kifungu cha 61 kinataja mambo yasiyoweza kuondolewa hata chini ya amri hiyo, yakiwemo katazo la mateso, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa. Na kifungu cha 156, kilekile kinachoruhusu mahakama za kijeshi zichukue nafasi ya zile za raia, kinasema rufaa haiwezi kusimamishwa. Sema hivyo bila kupaza sauti na utaje namba ya kifungu. Nimewaona maofisa wanaocheka maneno "haki za binadamu" wakinyoosha mgongo wakisikia "kifungu cha 156".

Avoka ahesabu siku. Hati ya kumweka mtu ndani ina muda wake, na kila ikirefushwa lazima kuwe na karatasi. Mtafute avoka wa hukohuko au wa Butembo, anayeingia mahakama ile kila wiki na kuwajua makarani. Mzuri wa Lubumbashi atakugharimu tiketi za ndege, na siku kesi itakapoahirishwa (itaahirishwa!) pesa imekwenda. Chama cha mawakili kina ofisi ya msaada kwa wasio na uwezo. Kuuliza si aibu.

Sasa, zinamtoa mtu kweli? Nitakupa mifano ya kwetu, uamue mwenyewe. Beni hiyohiyo, tarehe 11 Novemba 2021, vijana wa LUCHA, vuguvugu la raia, walikamatwa wakipinga kurefushwa kwa utawala wa kijeshi. Tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu 12 kifungo cha miezi 12 kila mmoja. Kelele zilikuwepo, za ndani na za nje, na bado walihukumiwa. Rudi nyuma kidogo, Goma, Februari 2016: vijana sita wa LUCHA wanakamatwa alfajiri wakitayarisha mabango ya "ville morte", siku ya mgomo ambayo mji mzima unafungwa. Siku chache baadaye wanafungwa miaka miwili. Mawakili wakakata rufaa, habari ikazagaa, na mapema mwezi Machi mahakama ya rufaa ikaishusha hadi miezi sita. Miaka miwili na miezi sita si kitu kimoja, muulize mama yeyote. Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa tarehe 15 Machi 2015 kwenye mkutano wa vijana, wakashtakiwa makosa ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kifo, wakatoka Agosti 2016. Muda wote huo majina yao mawili yalitajwa pamoja, Fred na Yves, Fred na Yves, mpaka yakawa kama jina la mtu mmoja. Na wakili Firmin Yangambi wa Kisangani, aliyekamatwa 2009 na kuhukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, alitoka Machi 2019 kwa msamaha wa rais uliowagusa wafungwa wa kisiasa wapatao 700. Ni karibu miaka kumi.

Ukitazama vizuri, kampeni mara chache inavunja mlango. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba siku mlango unapofunguka kwa sababu nyingine kabisa, jina la mtu wenu lipo kwenye karatasi iliyo mezani. Na mlango hufunguka: rais mpya anaingia, mazungumzo yanafanyika, sikukuu ya uhuru ya 30 Juni inakaribia. Mkumbuke makubaliano ya serikali na upinzani ya tarehe 31 Desemba 2016 yaliyosimamiwa na maaskofu Wakatoliki wa CENCO. Kulikuwa na orodha ya kesi saba walizoziita za mfano, na kati ya majina hayo watu wa Lubumbashi waliwajua Moïse Katumbi na Jean-Claude Muyambo, aliyewahi kuwaongoza mawakili wa hapa. Waliokuwa kwenye orodha waligombaniwa wiki hadi wiki. Vijana waliokuwa vizuizini bila jina, nani aliwataja?

Mabingwa wa kazi hii, kwangu mimi, ni watu wa Burma (Myanmar). Mwaka 2000 wafungwa wa zamani waliokimbilia mji wa Mae Sot, Thailand, waliunda chama cha kuwasaidia wenzao walioachwa ndani. Walifanya kazi ya karani: jina, umri, kifungu cha sheria, gereza, tarehe ya kukamatwa, afya. Mwaka baada ya mwaka. Majenerali walikuwa wanasema hawana mfungwa wa kisiasa hata mmoja, wana wahalifu tu. Mwaka 2011 jenerali mstaafu Thein Sein akavua sare akavaa nguo za raia, jeshi likabaki nyuma yake na robo ya viti vya bunge vikiwa vyake kikatiba, na nchi za Magharibi zikaanza kuongea habari ya kuondoa vikwazo. Zikauliza: wafungwa wangapi wamebaki, na ni akina nani? Waliokuwa na jibu ni makarani wale. Tarehe 13 Januari 2012 walitoka watu 651, akiwemo Min Ko Naing, kiongozi wa wanafunzi wa 1988. Lakini waliachiwa kwa masharti: ukirudia, kifungo chako kilichobaki kinakurudia. Hilo la masharti nitalirudia, maana lipo kwetu pia.

Mwandikie nani? Wa kwanza ni auditora mwenyewe. Barua ya ukurasa mmoja, yenye heshima, ya kuomba kujua mdogo wako ameshtakiwa nini na kuomba ruhusa ya kumwona. Peleka nakala mbili: moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga muhuri wa kupokea na kuandika tarehe. Wakikataa kupiga muhuri, andika kwenye daftari saa, siku na meza uliyokataliwa. Nakala ziende Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo kwa sheria inaweza kutembelea magereza, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Msalaba Mwekundu nao wajulisheni, lakini muwaelewe: wao wanamwona mfungwa, wanaweza kuleta ujumbe wa familia, na hawatangazi walichokiona. Watu wanawakasirikia kwa kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowafungulia geti, waacheni. Tume ya Haki na Amani ya parokia yenu isidharauliwe pia. Padri wa Katuba anaweza kumpigia padri wa Beni, na huyo wa Beni ndiye anayeingia Kangbayi Jumapili kusoma misa. Habari nyingi za kweli nilizowahi kupata kuhusu wafungwa zilitoka na kikombe cha misa.

Kuna mlango mmoja wa nje ambao familia nyingi haziujui: Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wanaozuiliwa kiholela, kilichoanzishwa 1991. Hakidai pesa, na hakidai mmalize kwanza mahakama zote za nchini kama inavyotaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Banjul. Kuna fomu ya maswali, inatumwa kwa baruapepe. Wanaiandikia serikali na kuipa siku 60 kujibu, kisha wanatoa maoni. Maoni hayo hayafungui gereza, ila yakishatoka, kila balozi anayekutana na waziri anayo karatasi ya kushika. Fomu hiyo itajazwa kutoka kwenye daftari lako lile la mtoto wa shule. Umeona?

Kabla ya yote haya, aulizwe yeye. Ni mtu mzima, mwalimu. Maisha ni yake na picha ni yake. Anayekwenda kumwona amuulize mambo matatu, kwa sauti ya chini: tukutaje jina? tutumie picha ipi? kuna jambo tusilolisema? Wapo wanaosema "nitajeni kila siku", na wapo wanaosema "ngojeni mtoto azaliwe kwanza". Akisema ngojeni, mngoje, hata marafiki wakasirike.

Hizo fulana sasa. Sizichukii. Mtu akimwona mdogo wako kwenye kifua cha kijana pale sokoni mtaa wa Kenya, hapa mjini kwetu, atauliza ni nani huyu, na swali hilo lina thamani. Lakini picha iwe ya mwalimu: shati lake la kazini, ubao nyuma. Hiyo ya ngumi juu ihifadhiwe, na picha yoyote yenye mtu mwenye silaha, hata aliyepita tu nyuma, ifutwe. Kosa rahisi kumbandika mtu wa Beni ni kumwita mshirika wa wenye bunduki, msiwape hata kivuli. Wala msimtukane gavana wa kijeshi au rais. Matusi ni matamu jioni, ila asubuhi yanaweza kuwa shtaka la pili, na safari hii litakuwa na saini yenu.

Maneno yenyewe yawe hivi, au yanayofanana na haya: "Fulani, miaka 27, mwalimu wa sekondari. Alikamatwa Beni tarehe fulani, saa fulani, akiwa amekaa chini bila silaha pamoja na wenzake 10. Kwa siku 6 familia haikujua aliko. Yuko gereza la Kangbayi. Tunaomba yeye na wenzake waachiliwe. Na hadi hapo, waonane na avoka, familia na daktari." Basi. Isomwe kwa sauti na mtu asiyemjua; akielewa bila kuuliza, itumeni. Na hao wenzake 10 wasisahauliwe. Familia inayotaja mtoto wake peke yake inawaacha wengine gizani, tena inamrahisishia kazi anayetaka kuwagawa: mmoja anatolewa, kumi wanabaki, kelele zinakwisha. Tafuteni mama zao. Kina mama 11 wakisimama pamoja mbele ya ofisi, bila bango, hata askari mwenye amri anaanza kutafuta kiti cha kuwapa.

Chakula ni sehemu ya kampeni, ingawa hakuna anayekipiga picha. Gerezani wanapika vungule, mahindi na maharage, na mara nyingi ni mlo mmoja kwa siku. Asiyeletewa anadhoofika, na aliyedhoofika anasaini chochote. Wewe uko mbali mno kupeleka bukari (ugali) na sombe (kisamvu), kwa hiyo tafuta mama mmoja wa Beni, mtumie kidogo kidogo kwa simu kila wiki, apeleke mara tatu. Akipeleka, aone kama bakuli linarudi na nani amelirudisha. Siku likirudi limejaa, au lisiporudi, anakupigia saa ileile. Hakuna taarifa ya haki za binadamu inayowahi kulifikia bakuli kwa kasi.

Na siku wakisema "anatoka", uliza anatoka kwa karatasi gani, maana kutoka kuna aina nyingi. Kuachiwa kwa dhamana: kesi bado ipo na wanaweza kumwita kesho, Fred na Yves walitoka namna hiyo, kwa muda. Msamaha wa rais, kwa kifungu cha 87 cha Katiba: adhabu inapunguzwa au inafutwa, lakini hukumu inabaki kwenye jina lake, na kwa mwalimu wa serikali hilo si dogo. Amnestia inapitishwa na bunge na inafuta kosa lenyewe, ingawa ile ya Februari 2014 ilimtaka kila mtu asaini ahadi ya kutorudia. Kuondolewa mashtaka ndiko kutoka kwa kweli. Akiletewa karatasi ya kusaini, asisaini usiku na asisaini bila avoka, hata mlinzi akimwambia gari linawasha injini. Ila uamuzi ni wake. Nimewahi kumwona mtu akisaini ahadi aliyoiona ya kipuuzi kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na sikumlaumu, wala sitamlaumu wa kwenu.

Nina kazi mbili za kukupa leo kabla hujafunga duka. Ya kwanza, jina lake. Niandikie majina yake yote kama yalivyo kwenye kadi ya uchaguzi, herufi kwa herufi, halafu mwombe mtu wa Beni akutumie yalivyoandikwa kwenye kitabu cha gereza. Nina hakika yatatofautiana, maana karani anaandika anavyosikia. Nimemwona mtu akibaki ndani siku 19 baada ya jina lake kusomwa, kwa sababu ya "y" moja iliyoandikwa "i". Ya pili, ile namba ya RMP. Nitumie zote mbili jioni, na mwambie baba mdogo nitampigia mimi mwenyewe kesho saa mbili asubuhi.